Kamongo Hakuingia Kabatini

Kabati la maabara lilikuwa na milango mitano,
kila mmoja na karatasi iliyobandikwa kwa uji wa muhogo:
Samaki. Amfibia. Reptilia. Ndege. Mamalia.
Mwalimu Lugwisha alisimama mbele yake kama mlinzi wa geti.
Una uti wa mgongo? Pita.
Damu yako hufuata jua, au unajipasha mwenyewe?
Unataga? Unanyonyesha?
Tuone ngozi. Tuone meno.

Pimbi tulimwokota juu ya jabali nyuma ya bweni,
mnene, mfupi, kama sungura aliyesahau masikio nyumbani.
"Panya," akasema Nyanzobe.
Mwalimu akamfunua mdomo kwa ncha ya kalamu:
meno mawili ya juu, yamechongoka, pembe za kuchezea;
kucha bapa, kama kwato za mtoto.
"Ukoo wake," akasema, "uko karibu na wa tembo."
Tulicheka hadi Minza akakaa sakafuni.
Tembo! Na huyu anayelala kwenye ufa wa jiwe!
Mwalimu alingoja tumalize.
"Udugu si kimo. Udugu ni mifupa."
Niliandika. Daftari lile bado ninalo.

Popo wa dari la bwalo akaenda mlango wa tano,
kwa sababu ya chuchu mbili karibu na kwapa.
Kuruka, kumbe, si hoja.

Jumamosi nilishuka mwaloni Kirumba kwa shangazi Kalekwa.
Yeye hakuwa na kabati. Alikuwa na kisu, gogo na ndoo tatu:
wenye magamba,
wasio na magamba,
na ya tatu, wanaokufa kwa ubishi.
Sangara hufika keshakata roho.
Sato hupiga mkia mara mbili tatu, basi.
Dagaa, nani aliwahi kumwona dagaa akifa? Hufa kwa kilo.
Lakini kamongo, siku ya pili ndani ya gunia bichi,
ukimsogeza anavuta pumzi,
kwa sauti,
kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
"Sisi wanawake wa ukoo huu hatumli," shangazi alisema.
Kwa nini?
Akafuta kisu kwenye khanga. "Msikilize."

Jumatatu nikampeleka darasani kwenye beseni.
Pamba ya klorofomu ilichukua kipindi kizima.
Kisha wembe, kisha pini nne kwenye ubao wa nta.
Matamvua yalikuwepo, membamba, kama shanga zilizochakaa.
Na chini yake mapafu. Mawili.
Na magamba yalikuwepo, yamezama kwenye ngozi,
huyaoni mpaka ukwaruze.
Na mapezi manne kama kamba za viatu,
mawili mbele, mawili nyuma,
palepale ilipo mikono yangu, palepale ilipo miguu.

Mwalimu alishika chupa akaenda mlango wa kwanza.
Akarudi hatua moja. Akautazama wa pili.
"Kwenye mtihani," akasema bila kugeuka, "andikeni samaki."
Tukaandika samaki.
Chupa akaiweka juu ya kabati, peke yake,
karibu na dirisha linalotazama ziwa.

Kipindi kilichofuata kilikuwa Kiswahili.
Mwalimu Bugumba, ambaye hakujua habari za beseni,
aliandika ubaoni ngeli ya A-WA:
mtu huyu anapumua, watu hawa wanapumua.
"Mfano mwingine?"
Nilinyoosha mkono unaonuka dawa.
Kamongo huyu anapumua. Kamongo hawa wanapumua.
"Vizuri. Keti."
Hakuna aliyeuliza juu ya matamvua.
Hapo mlango ulikuwa mmoja, nasi sote tumeshaingia.

Usiku taa zilipozimwa
nilisikiliza vitanda arobaini vikivuta pumzi,
Minza akikoroma, Nyanzobe akikohoa vumbi la chaki.
Nikawapangia milango:
wa tano, wa tano, wa tano, wa tano.
Nilipofika kitandani kwangu
nikajiruka.